Bi Kijiti Anavuka Barabara

Mheshimiwa Diwani, ambaye bango la ofisi yako tulilifunga sisi na mpaka leo halijainama, Ndugu Mwenyekiti wa Umoja wa Mafundi, Mama Mwenye Nyumba, ambaye itifaki imekuweka nafasi ya tatu lakini mimi ndiye ninayekuogopa kuliko wote, wateja wetu wa lugha zote, mafundi wenzangu, shemeji yangu, hebu weka chini hiyo soda kwanza, na wewe mke wangu uliyeniomba niwe mfupi: nawasalimu nyote, kila mmoja kwa cheo chake, na asiye na cheo kwa uvumilivu wake.

Tumekutana kumuaga fundi wetu, Bi Kijiti. Watu huagwa wakistaafu, au wakisafiri mbali. Huyu hastaafu wala hasafiri. Anavuka barabara. Anataka kufungua karakana yake katika chumba kinachotazamana na mlango wangu, kazi ileile, mabango yaleyale, karibu kiasi kwamba nikipiga chafya ndani kwangu yeye ataniambia "afya" akiwa kwake. Na mimi ndiye niliyelipia viti mlivyokalia.

Lakini chumba bado hajakipata. Mwenye chumba ni Mama huyu hapa mbele, mwenye ufunguo ndani ya mkoba. Mpangaji wake wa mwisho alikuwa mchomeleaji, akaondoka na kuacha mlango umeungua nusu. Kwa hiyo Mama alikuja karakana akaniambia, "Fundi, barua za sifa mimi sisomi, kila mtu anaandikiwa. Nitakuja kwenye hafla. Nataka nikusikie kwa mdomo wako, mbele za watu. Ukimsifia, nampa chumba. Ukigugumiza, nakwenda zangu na ufunguo wangu."

Basi mmeelewa hotuba hii ni ya namna gani. Na mmeelewa kwa nini kuna rafiki zangu walioninong'oneza pale mlangoni, "Sema tu ni mgomvi, yatakwisha." Je, ni mgomvi? Mama, ni mgomvi sana. Subiri niseme ugomvi wenyewe ni upi.

Sisi tunakata herufi za bati na kuzifunga ukutani. Kazi hii nimeianza na burashi ya kuazima na ngazi iliyokosa vipandio viwili, hakuna mjomba aliyenishika mkono, kwa hiyo nina haki ya kujua kila boliti inakwenda wapi. E nzima inashikwa na boliti nne. Sasa kuna E za watu wengine, É, zenye kijiti cha mshazari kichwani. E yetu ya Kiswahili inatembea kichwa wazi na haijawahi kupata mafua. Hicho kijiti hakifiki robo ya E, lakini kinadai boliti mbili, la sivyo upepo unakizungusha kama mshale wa saa. Niambieni, wenye hesabu: kitu cha robo kinawezaje kula nusu?

Hilo ningelivumilia. Lakini Bi Kijiti hafungi kijiti mpaka mwenye neno asimame chini ya ngazi, ainue uso, alisome neno lake kwa sauti. Yeye yuko juu, drili mkononi, anasikiliza. "Rudia." Mteja anarudia. "Rudia, lakini kama unavyolisema nyumbani. Hapa si ofisini." Jua linawaka, mafundi wamekaa, mimi nauma kucha.

Nikamwambia, "Dada, mtu amekuja kufungiwa bango, hajaja kufanya mtihani."

"Bosi, fundi nguo humshonea mtu suruali bila kumpima kiuno?"

"Sisi hatushoni suruali."

"Ndiyo maana mabango yako yanabana."

Akaja mwenye mkahawa anayesema Kifaransa. CAFÉ. Akaeleza kwamba kijiti kinabana mdomo, kama mtu anayetaka kutabasamu akakatazwa. Nikafurahi: sasa tumejua kazi ya kijiti, hakuna haja ya kuuliza tena. Akaja muuza chai wa Kihispania na neno lake, TÉ. Nikamwambia, kwa kujiamini kabisa, "Bana mdomo." Akanishangaa. Kwao kijiti mara nyingi huonyesha pa kukazia sauti, lakini juu ya chai yake hakibadilishi sauti hata chembe, kimewekwa tu ili chai isifanane na kineno kingine kidogo. Nikaruka: "Kumbe huyu ni mfanyakazi hewa! Boliti mbili kwa mfanyakazi hewa!" Bi Kijiti akajibu kutoka juu ya ngazi, "Mwache, bosi. Hata wewe kuna siku unakaa tu, na watu wanajua uko kazini."

Kisha akapata ruhusa ya siku moja, akampeleka mama yake hospitali. Siku moja tu, Mheshimiwa Diwani! Kulikuwa na bango la duka la nguo za watoto, mwenyewe ni mama anayesema Kivietinamu, neno lake ni BÉ, yaani mtoto mdogo. Kwao kijiti kinapandisha sauti, kama mtu anayeuliza. Shemeji yangu akapanda ngazi. Nikamuuliza, "Umemwita mwenye neno?" Akasema, "Kaka, kijiti ni kijiti." Akakifunga kimelalia upande wa pili. Yule mama alipofika alisoma mara moja, akaketi kwenye ngazi ya duka lake akicheka mpaka akashika mbavu. Sauti ilikuwa imeshuka, na duka la watoto lilikuwa limegeuka duka la chelezo, yale magogo yaliyofungwa pamoja ya kuvukia maji. Shemeji akauliza kama hawezi kuuza vyote viwili.

Mnacheka. Mimi ndiye niliyeziba matundu.

Sasa mtazameni mzee yule mwenye fulana nyeupe, mwoka mikate wetu. Bango lake ni KENYÉR, mkate kwa Kihungari. Kwao kijiti kinavuta sauti. Bi Kijiti akamwambia asome, mzee akasoma, akaivuta ile sauti, akaivuta, halafu machozi yakamtoka. Nikadhani ngazi imemkanyaga mguu, nikakimbia kuiinua. Kumbe wapi. Tangu amzike mkewe, hakuna mtu mtaani humu aliyetaka kulisikia neno hilo kinywani mwake. Na huyu mgomvi wangu akainama kutoka juu, akasema polepole, "Rudia, mzee. Nakusikia." Siku hiyo sikutaja saa wala boliti. Nilishika ngazi.

Haya, hesabu yangu ni hii. Katika kila wateja kumi wanaoingia karakana, saba wanauliza, "Yuko yule dada anayekusomesha neno lako?" Wawili wananiuliza mimi. Wa kumi anauliza choo kiko wapi. Akivuka barabara, wale saba wanavuka naye. Nani kati yenu angesimama hapa akawasindikiza wateja wake saba kwa mdomo wake mwenyewe, na soda juu?

Mama Mwenye Nyumba, uliomba ukweli. Mwanamke huyu atakubishia. Atakuambia rangi ya ukuta wako ni mbaya, na itakuwa mbaya kweli. Atawasimamisha watu juani mbele ya nyumba yako wakisoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza, na mpita njia atadhani umefungua shule. Lakini hatatoboa tundu asilojua linabeba nini. Mlango wako hautaungua.

Sijagugumiza. Mpe ufunguo. Mpe sasa hivi, nikiona, maana nikifika nyumbani nikakaa na kalamu nitapiga hesabu upya, na mimi najijua.

Naam. Huo. Pokea, Bi Kijiti, na usinitazame hivyo, nitakosea kusoma. Ukiishiwa boliti njoo uchukue, ila nne za E. Mbili za kijiti ujitegemee.

Ahsanteni sana kwa kunipa masikio yenu muda wote huu. Mafundi saba wa kwanza watakaoona aibu kwa niaba yangu waje tuhamishe vifaa vyake. Ngazi ile ndefu ni yake, mimi nabaki na fupi.