Mwalimu Iordanis na Kengele ya Kisiwani

Tarehe 31 Agosti Mwalimu Iordanis Melas anastaafu, baada ya miaka thelathini na minne ya kufundisha kuogelea katika ufukwe wa kijiji chetu cha Limnari.

Alianza na watoto sita na filimbi moja. Leo shule yetu ya michezo ya majini ina mitumbwi ya makasia, mbao za kuteleza majini zenye tanga, na filimbi ile ile. Hajapoteza mwanafunzi hata mmoja, ingawa amepoteza miwani kumi na moja.

Kwake, mtu amejua kuogelea siku anapofika kile kisiwa kidogo mbele ya gati, akagonga kengele ya kanisa la Mtakatifu Nikolaos, na kurudi bila boti. Siku yake ya kwanza kazini aliwaahidi watu wote mkahawani kwamba hatastaafu kabla kila mwanakijiji hajaigonga. Walicheka. Lakini waliigonga mmoja mmoja, hata kasisi. Akabaki Bi Zambeta, mwoka mikate, aliyezaliwa hatua ishirini kutoka baharini na hakuwahi kulowa kupita magoti.

Sheria kuu ya mwalimu ni ya bibi zetu wote: ukila, usiingie majini mpaka saa tatu zipite. Bi Zambeta aliifanya ngao. Kila alipoalikwa kuogelea, alimega mkate, akatafuna polepole huku akimtazama mwalimu, kisha akasikitika kwamba ameshakula. Mwalimu alimwita mwoga. Naye alimjibu kwamba mwenye miguu myembamba vile hana haki ya kumcheka mtu.

Mwezi Mei tangazo la kustaafu lilibandikwa. Asubuhi iliyofuata Bi Zambeta alisimama kwenye gati akiwa na taulo.

“Sijatia kitu mdomoni tangu jana,” alisema. “Nifundishe, usije ukaondoka mwongo.”

Juni alikunywa maji mengi ya chumvi. Julai alielea. Wiki iliyopita, upepo ulipotulia, waliondoka pamoja na sote tukajaa gatini. Katikati ya njia Bi Zambeta alishikwa na hofu, akaacha kuogelea. Mwalimu hakumpa mkono. Alimuuliza kama ni kweli unga wa pai ya jibini hukandwa kwa maji ya moto. Bi Zambeta alikasirishwa na ujinga huo, akaanza kumweleza, na hakunyamaza mpaka akagusa mwamba wa kisiwa.

Kisha tukasikia kengele.

Bi Zambeta alikuwa amefunga pai kiunoni ndani ya mfuko usioingiza maji. Wakaila yote. Kwa hiyo, kwa sheria ya mwalimu mwenyewe, walikaa kisiwani kwa muda wa saa tatu. Kasisi alipeleka boti, ikarudishwa tupu. Limnari ilikosa mkate mchana ule, na hakuna aliyelalamika. Walirudi wakiogelea.

Mwalimu, asante. Filimbi umetuachia sisi wanafunzi wakubwa wa darasa lako, na tutaitunza. Tunakutakia afya, bahari tulivu, na pai ya jibini saa yoyote uipendayo, kwa sababu sasa unaye wa kungoja naye hizo saa tatu.