Siku Sabini na Nne za Mwalimu Merle Kibler

Ndugu, majirani na marafiki mliotoka mbali, marehemu Merle Augustus Kibler alizaliwa tarehe 2 Mei 1941, hapa hapa wilaya ya Potter, jimbo la Pennsylvania, mtoto wa tatu wa mzee Clyde na mama Vesta, na familia imeomba isomwe historia yake bila kupakwa rangi, maana mwenyewe sifa za kubandika alizichukia kuliko msumari wenye kutu.

Alianza shule Septemba 1947, akaiacha Juni 1955, baada ya darasa la nane, baba yake alipoanguka kutoka kwenye paa na kuvunjika nyonga, naye akiwa na miaka kumi na minne tu akashika msumeno ili wadogo zake wapate kula. Hesabu ilimkubali tangu mwanzo, lakini tahajia ilimpiga chenga maisha yake yote, na tusifichane, jambo hilo lilimuuma. Mwanawe alipohitimu sekondari mwaka 1987, Merle alivaa suti, akafika mpaka uwanja wa shule, akabaki ndani ya gari, kwa hofu kwamba mwalimu fulani angempa karatasi ajaze.

Alifanya kazi ya useremala wa maghala kwa miaka hamsini na mitano, na nusu ya maghala mliyoyapita njiani mkija hapa yamesimama kwa mikono yake. Alifunga ndoa na Arlene Stroud tarehe 18 Juni 1966, wakajaliwa watoto wawili, Dwight mwaka 1969 na Gail mwaka 1972, na baadaye wajukuu wawili, mabinti wa Dwight, Tess mwaka 2008 na Marnie mwaka 2011.

Mwaka 2020, Dwight na mkewe Corinne walipoamua kuwafundishia mabinti hao nyumbani, Corinne alikuwa na zamu zahanati kila Jumanne na Alhamisi, hivyo akamwomba baba mkwe awachukue siku hizo. Merle aling'aka: "Mimi? Darasa lenyewe lilinishinda, nitamfundisha mtu nini?" Bibi Arlene, aliyekuwa akikanda unga wa mkate, hakugeuka hata kumtazama, akasema, "Wafundishe unachojua, mzee, usichojua waulize wao." Basi wakaenda karakanani, wakapima, wakakata, wakakosea, wakarudia, na mchana wakala kwa bibi, aliyewasomesha jiografia kwa barua za dada yake wa Alaska.

Sasa, wenzetu mnaofundishia nyumbani mnajua kwamba sheria inataka siku mia moja na themanini za masomo kwa mwaka, ziandikwe, na mkaguzi athibitishe. Corinne, na mwenyewe ameturuhusu kulisema hili, aliandika daftari lake kwa uaminifu, lakini kila Jumanne na Alhamisi aliandika maneno mawili tu, "Kwa Babu", kama mtu anayeandika sikukuu. Juni 2021, siku moja kabla ya mkaguzi kufika, akajumlisha bila hizo za babu, akapata siku mia moja na kumi na saba. Loo! Pungufu ya siku sitini na tatu, na bila cheti cha mkaguzi mabinti wangeamriwa kurudi shule waliyoitoka, ile ambayo Tess alikuwa akitapika kila asubuhi kabla ya kupanda basi lake.

Corinne alipiga simu akilia, na Merle akamjibu, "Usilie, mwanangu, nakuja kesho." Alikuwa na daftari lake la karakana, ambamo kila siku kwa miaka yote aliandika hali ya hewa, mbao na kazi iliyofanyika, na hakuna mtu, hata mkewe, aliyewahi kuruhusiwa kulifungua, kwa ajili ya ile tahajia. Kesho yake alinyoa ndevu, akaingia sebuleni kwa mwanawe, akaliweka mbele ya mkaguzi, Bi. Pruitt, mwalimu mstaafu aliyefundisha miaka thelathini.

Bi. Pruitt alisoma kwa sauti: "Jumanne, Februari 9, theluji inchi nne. Tess alikokotoa mteremko wa paa, alikosea mara mbili, ya tatu akapatia. Marnie alisoma kurasa sita. Neno moja nilimsaidia, jingine alinisaidia yeye." Akasoma zote, siku sabini na nne, saa nzima, kahawa ikapoa. Kisha akauliza, "Mzee, ualimu umesomea wapi?" Merle akainamisha kichwa: "Sikusoma, mama. Niliishia darasa la nane." Bi. Pruitt akachukua kalamu, akaandika jina la Merle Kibler penye nafasi ya mwalimu kwenye cheti, akasema, "Hukuishia hapo."

Tangu siku hiyo hakushikika. Alikuwa akikatisha maongezi dukani kwa kujidai, "Samahani jamani, nina darasa," na vijana wakamwita Profesa, naye akaitika.

Oktoba 2024 alianza kukohoa, akagundulika na saratani ya mapafu, akaendelea kufundisha akiwa kwenye kiti, kisha akiwa kitandani, mpaka tarehe 11 Machi 2025, siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, alipotutoka akiwa na miaka themanini na mitatu, mkono wake ukiwa mikononi mwa Arlene. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomtunza, majirani waliotupikia na kutuondolea theluji mlangoni, mafundi wenzake, na Bi. Pruitt aliyeketi pale nyuma.

Jeneza hili lililo mbele yenu halikununuliwa. Wamelitengeneza Tess na Marnie kwa mbao za mti wa mcheri alizozianika Merle mwenyewe, pembe zake zimeshikana meno kwa meno bila msumari hata mmoja, na wiki tatu kabla hajatutoka waliipeleka pembe ya kwanza kitandani kwake, akapitisha ukucha kwenye kiungo, akaurudisha, usikwame popote, akawaambia, "Mimi kwenu sina tena la kufundisha." Mnapopita kumuaga, pitisheni ukucha nanyi.

Pumzika, Mwalimu, kwa amani uliyoitolea jasho.