Mwalimu Tano na Kibao cha X

Ndugu waombolezaji, walimu, majirani, na ninyi mliosimama kule nyuma kwa kukosa viti, mimi ni shemeji wa marehemu, kaka wa mjane, seremala, mnanifahamu, na asiyenifahamu basi mlango aliopitia kuingia hapa nimeutengeneza mimi na haujawahi kulia hata siku moja. Nimepewa kusoma historia hii kwa sababu nina sauti, siyo kwa sababu nina shule, shule mimi niliachana nayo mapema na wala hatukuagana, kwa hiyo nikijikwaa kwenye neno mnivumilie.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa tatu wa dereva wa lori na mama muuza vitambaa, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alianza shule ya msingi ng'ambo ya reli mwaka 1969, akaendelea na sekondari, na tarehe 14 Januari 1982 akaingia chuo cha ualimu, ambako alichagua hesabu, somo ambalo wenzake walikuwa wakilikimbia kama nyuki. Aliajiriwa Februari 1984 katika shule ile ile ambayo amefundisha mpaka anaugua, na tarehe 10 Desemba 1988 alifunga ndoa na dada yangu, ndoa ambayo kitanda chake nilikitengeneza nikiwa kijana mdogo kabisa na hakijalegea mguu, wakajaliwa binti mwaka 1990 na mapacha wa kiume mwaka 1994.

Kazini marehemu hakuwa mtu wa chaki. Alisema mtoto ukimpa jibu umemnyang'anya, kwa hiyo aljebra darasani kwake ilishikwa kwa mikono, mizani ya hanga la nguo, vikombe vya plastiki vinaning'inia huku na huku, ukitoa kokoto upande huu sharti utoe na upande ule, mpaka kile kikombe kilichofungwa kijulikane chenyewe kina kokoto ngapi, na yeye amekaa kwenye kona anajifanya anasoma gazeti. Walimu wenzake walisema anachezesha watoto, mwalimu mkuu wa wakati huo akamuuliza kama anataka na bembea aagiziwe, lakini watoto walielewa, na wapo hapa wanaotingisha vichwa.

Januari 2006 alikuja karakana kwangu na mchoro wa vibao, kibao kidogo cha mraba ndicho moja, kibao kirefu chembamba ndicho x, na kile kikubwa cha mraba, chenye urefu wa x kila upande, ndicho x mara x. Akaniambia kile kirefu nikikate kilingane sawasawa na vidogo vitano vikipangwa, ili vyote vikae vizuri kwenye sanduku. Hilo la sanduku, ndugu zangu, ndilo lililomponza, kwa sababu mimi sikati ovyo, nilikata, nikapiga randa, nikapiga msasa, unywele haupiti katikati. Angekwenda kwa fundi mbovu, na mtaani kwetu wapo, wengine wamekaa hapa wananitazama, kibao kingezidi au kupungua kidogo, na leo nisingekuwa na la kusoma.

Watoto wakavipanga, wakapima, wakagundua wenyewe bila kuambiwa na mtu kwamba x ni tano, siyo katika swali hili au lile, bali ni tano siku zote, na wakaliweka moyoni kama siri ya darasa. Tarehe 11 Oktoba 2006 akaja mkaguzi, suti yake na begi lake, akaandika ubaoni x jumlisha tatu ni sawa na kumi, akamwinua msichana wa mbele, ambaye ni binti wa marehemu. Binti akapanga kibao kirefu, akaongeza vidogo vitatu, akapima, akasema kwa adabu kabisa, "Samahani mheshimiwa, swali lako limekosewa, hapo andika nane." Mkaguzi akauliza ni nani amewafundisha hivyo, darasa zima likajibu kwa furaha, "Tumegundua wenyewe!" Jina la Mwalimu Tano lilizaliwa siku hiyo, na kabla ya jua kuzama lilikuwa limeshafika sokoni.

Marehemu alikuja karakana bila hata salamu, akakaa juu ya mbao, akasema, shemeji, x ni kitu usichokijua, mimi nimewapa kitu wanachoweza kukipima, nikatie kingine kisicholingana na chochote. Kwa fundi kama mimi hilo ni tusi, lakini nilipomwona macho nilikata. Mtihani ulikuwa karibu, naye akaanza kuwafuata wanafunzi nyumba kwa nyumba na vibao vipya mfukoni, anakaa, anamwambia mtoto mbele ya wazazi wake kwamba aliyekosea ni mimi mwalimu, siyo wewe, tuanze upya. Wapo waliomcheka, na baba mmoja mwashi alimwambia mwalimu hakosei, atoke asije akamharibia mtoto adabu, yeye akatoka, akangoja mlangoni mpaka akaitwa tena.

Nyumba aliyoiacha mwisho ni yake. Kwenye nyumba za watu alikuwa mwalimu anayeomba radhi, kwake alikuwa baba, na hapo ulimi ulimshinda. Alirudi jioni, akavua viatu, akamwambia binti yake, "Kula, mama," akafungua redio. Binti alisikia kwa wenzake kwamba baba amepita kwao, akangoja zamu yake, akangoja, mtihani ukaingia. Wenzake wengi walifaulu, yeye hesabu ilimwangusha, akaacha shule, akajifunza ushonaji, na sisi ndugu, mimi nikiwa mbele kwa mdomo wangu huu, tukazoea kusema huyu kichwa kizito, hesabu hakurithi, na baba yake amekaa hapo hapo anasikia, anakoroga chai iliyokwisha kuyeyuka sukari.

Novemba 2020 figo zilianza kumsumbua, akalazwa mara kwa mara, na mwezi uliopita aliniambia niandike haya na niyasome mbele za watu, kwa kuwa mtoto aliaibishwa mbele za watu. Nilimwambia si umwambie mwenyewe, yuko hapo nje na chupa ya chai, akageukia ukutani. Alifariki Ijumaa tarehe 3 Septemba 2021, mchana, binti yake akimshika mguu.

Shukrani zinakuja, lakini wewe mwanangu sikuachi mwisho, maana aliyekuacha mwisho ndiye huyu tunayemzika. Baba yako amenituma. Siku ile ulipima sawasawa. Uliulizwa, ukaamini mikono yako, ukasema ulichokiona, na kosa lilikuwa la kibao. Kichwa chako hakijawahi kuwa kizito. Hayo ni yake, na mimi mjomba wako naongeza langu, kwamba tuliyajua haya miaka yote na tukaendelea kucheka.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea maji na viti, walimu wenzake, na wanafunzi wake wa mwaka ule, ambao nimeambiwa mmekuja wote.

Pumzika, shemeji. Nimefika nyumba ile uliyoshindwa kubisha hodi, na binti ameinua uso.