Profesa Ma Gyeong-dal na Lugha ya Malango ya Maji

Mwisho wa Agosti mwaka huu Profesa Ma Gyeong-dal anastaafu, baada ya kufundisha uhandisi wa programu katika idara yetu kwa miaka thelathini na moja. Maprofesa wenzake wameandika kuhusu makala zake katika kurasa zilizotangulia, nami sina la kuongeza hapo. Ofisi ya jarida hili iliomba jikoni kwa chuo nako kutoke neno, kwa kuwa amekula kwetu karibu kila mchana, na wenzangu wakanisukumia mimi, Bong Sun-ye. Shule yangu iliishia darasa la sita, basi mtanivumilia.

Profesa Ma si mtu wa makuu. Hupanga foleni na wanafunzi, huchukua supu ya chipukizi za maharage na kimchi, achari kali ya figili, na trei huirudisha mwenyewe. Mvua ikinyesha, mwavuli wake utaukuta kwa mtu mwingine. Mwanafunzi wake mmoja alipofiwa na baba kule Mokpo, aliacha kwenda mkutano wa ng'ambo, akakaa msibani mpaka mazishi, akigawa vinywaji kama mtoto wa nyumba ile.

Kazi yake alitueleza siku moja foleni iliporefuka hadi mlangoni. Alisema watu wa kila kazi wana namna yao ya kusema mambo: mafundi wa lifti wana yao, wauguzi wana yao. Yeye huwatengenezea lugha ndogo ya michoro, visanduku na mishale, yenye maneno ya kazi yao tu. Mwenye kazi akichora, kompyuta inaandika programu yenyewe. Kisha akalichora jiko letu kwenye karatasi ya kupangusia mikono: wali hapa, supu hapa, vijiko mwishoni badala ya mwanzoni. Tukajaribu. Foleni ikapungua kweli, tukampigia makofi.

Wiki iliyofuata akaja na mchoro mzuri zaidi. Tukahamisha vitu. Wiki ya tatu akaja na mwingine, eti wali na supu ni kituo kimoja chenye tabia mbili. Mpishi wetu mkuu, Dada Ye-bun, alikikumbatia kikapu cha vijiko akasema, "Profesa, watu wamekwisha kuzoea! Ukigusa vijiko hivi, supu yako leo utainywa kwa viganja!" Ukumbi mzima ulicheka, na yeye akacheka.

Huo ndio ugonjwa wake, na kwenye maabara yake hakukuwa na Dada Ye-bun.

Afadhali niseme hapa hapa: mwanafunzi wake wa mwisho wa shahada ya uzamivu, Tak Hae-won, ni binti yangu. Hae-won alitengeneza lugha ya watu wanaofungua na kufunga malango ya maji ya mashamba ya mpunga huko Nonsan. Wazee wale programu hawaijui, lakini wanajua mfereji upi ukijaa lango lipi lifunguliwe. Alikanyaga nao matope misimu miwili mpaka wakaweza kuchora wenyewe. Mmoja wao, Bwana Pyo, alimpigia simu, sauti yake ikajaa chumba: "Mwalimu! Nimechora, na lango limefunguka! Mke wangu anasema ni bahati tu. Njoo umwambie!" Nilijifuta macho kwa aproni.

Profesa Ma aliipenda lugha hiyo labda kuliko hata Hae-won. Ila kila baada ya muda aliona njia safi zaidi ya kuijenga kutoka chini. Na lugha za aina hii ukizibadilisha msingi, michoro iliyochorwa kwa msingi wa zamani haifunguki tena. Lazima uhamishe mmoja mmoja. Hae-won aliihamisha michoro ya wazee mara ya kwanza, ya pili, sijui mara ya ngapi. Nikimwuliza, "Mwanangu, umekula?" ananijibu, "Mama, nahamisha."

Mtihani wake wa mwisho ulipangwa Juni, ili wajumbe wote wa jopo wagonge mihuri yao kwenye tasnifu kabla Profesa hajaondoka. Siku chache kabla, Profesa akaona kwamba lango na pampu, ukitazama vizuri, ni kitu kimoja. "Hae-won, ni jambo dogo," alimwambia. "Litapendeza mno mbele ya jopo." Nani amkatalie msimamizi wake? Akabadilisha. Siku ya mtihani binti yangu alifungua mchoro wa Bwana Pyo mbele ya watahini, ukatoka visanduku vitupu bila mshale hata mmoja. Watahini wakanong'onezana, wakasema arudi muhula ujao. Profesa Ma alisimama akasema kosa ni lake. Alilisema kwa sauti, mbele ya wote, nami namheshimu kwa hilo. Lakini muhuri haukugongwa.

Muhula ujao yeye hayupo. Maabara yenye jina lake inafungwa, kama ilivyo desturi yetu. Hae-won ndiye aliyepanga vitabu vyake kwenye maboksi, na ndiye anayeandaa karamu ya kumuaga, maana hiyo ni kazi ya mwanafunzi. Profesa aliyempokea Hae-won kama msimamizi mpya ni kijana mwema, lakini utafiti wake ni mwingine kabisa. Amemwambia, "Dada, mimi lugha hii siijui. Jopo likiuliza ni nani anayeijua, nimwoneshe nani? Labda uanze upya na mada yangu." Binti yangu ana miaka thelathini na nne. Anapochekacheka nasi jikoni kama hakuna kitu, ndipo naogopa zaidi.

Kanuni za chuo zinamruhusu mstaafu kukaa kwenye jopo kama mjumbe wa nje. Hae-won aliona haya kumwomba, basi nilimwomba mimi, nikimpakulia supu. Alisimama na trei mkononi, walio nyuma yake wakingoja.

"Mama Hae-won," akasema, "mtu akistaafu huondoka na kiti chake. Nikionekana tena mlangoni, watasema mzee hataki kutoka."

"Watasema, Profesa," nikamjibu. "Na waseme."

Aliinamisha kichwa, akaenda kukaa.

Profesa Ma, kwa wanafunzi wote uliowafikisha, na kwa kutuona sisi wa jikoni kuwa ni watu wa kuelezwa mambo, tunakushukuru. Tunakuombea usingizi mzuri, magoti yasiyouma, na siku njema nyingi wewe na mkeo. Septemba pumzika. Oktoba nenda mlimani ukatazame majani yakigeuka rangi. Novemba kaa na wajukuu. Mtihani wa Hae-won ni Desemba, na nafasi ya mjumbe wa nje haijaandikwa jina. Lugha usiiguse tena, imekaa vizuri ilivyo. Njoo na muhuri wako tu.