Tangazo la Mchezo Ukutani Konde

Ndugu zangu wa kikundi, mnaniita Mzee Makaratasi na mimi hucheka. Leo niacheni niseme yaliyo nyuma ya jina hilo.

Tangu ujana nakusanya matangazo ya zamani: ya michezo ya kuigiza, ya taarab, hata ya sabuni. Mwaka mmoja wa uchaguzi, vyama vimetugawa mpaka hatuzikani, nilipita Konde dukani kwa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Barazani palibandikwa ukutani karatasi ya kampeni, imeachia pembeni. Chini yake nikaona tangazo la mchezo aliocheza mdogo wangu alipokuwa msichana. Jina lake lilikuwa la kwanza.

Nawaambia kweli, akili iliniruka. Sikupiga hodi. Nikazilowesha kwa maji, nikabandua ile ya juu, nikaitoa ya chini taratibu. Shemeji alipotoka, akakuta karatasi ya chama chake iko chini, imelowa. Na mimi alijua ni wa chama kingine. Akanifukuza mbele ya watu.

Maneno mawili tu yangetosha kumweleza. Kiburi kikaniziba mdomo. Mdogo wangu akasikia kwa watu kwamba nimeondoka na tangazo lake, akatuma mtu kuiomba ile karatasi, nikajibu kwamba mumewe aje aniombe radhi kwanza. Hakuja. Nikaifungia sandukuni miaka tisa. Binti yao aliolewa, nikasikia kwa majirani.

Kisha mchwa wakaingia sandukuni. Nyinyi ndio mliokuja kunisaidia kuanika uani karatasi zilizosalia. Bibi mmoja hapa akaisoma ile, akauliza huyu wa kwanza ni nani. Nikalia mbele yenu, na mpaka leo naona haya. Kesho yake mkanipeleka Konde.

Shemeji mwenyewe alinifungulia mlango. Mdogo wangu nikamwekea karatasi mapajani. Akaipapasa, akasema polepole, "Nsomee, kaka. Mie sioni tena, mwaka wa pili huu."

Nikamsomea mara tatu. Penye jina lake alitabasamu.

Ahsanteni, ndugu zangu. Bila nyinyi ningekufa nayo sandukuni. Mwenye kitu cha mwenzake nyumbani ampelekee leo, asingoje kuombwa radhi. Mimi kila Ijumaa naenda Konde kumsomea, na kila nikimaliza huniuliza maandishi ya jina lake ni ya rangi gani.