Siku Mashine za Bujiku Zilipojifunga

Asteria: Haloo? Nani mwenzangu?

Mama Bujiku: Haloo... haloo, unanisikia? Ni mimi, mama yake Bujiku. Huku Mwadui.

Asteria: Shikamoo, mama.

Mama Bujiku: Marahaba, mayu, mwanangu. Habari za Geita?

Asteria: Nzuri. Leo niko Katoro. Namba ngeni hii, kidogo niiache iite.

Mama Bujiku: Ni laini mpya. Ile ya zamani iko kwenye simu nyingine hapa mkononi, Bujiku haachi kuipiga. Asteria, dakika zangu si nyingi, nisizunguke. Mwanangu analia. Mwanaume wa miaka thelathini na mbili, amejifungia stoo, ananililia kwenye simu—

Asteria: Amekwambia nini?

Mama Bujiku: Kwamba umemfungia mashine zake. Ana mashindano ya gemu leo, ukumbi umejaa, watu wamelipa kiingilio, na mashine zote tano zimejifunga kwa pamoja. Anasema umefanya hivyo kwa wivu, kwa sababu uchumba wenu ulivunjika.

Asteria: Kufunga nimefunga. Saa nane na dakika kumi, fainali ilipoanza.

Mama Bujiku: [mtandao unakwaruza] ...umesema umefunga?

Asteria: Ndiyo, mama. Kwa mkono wangu.

Mama Bujiku: Mimi nilikuwa namwambia haiwezekani. Nikamwambia Asteria ninayemjua hawezi. Basi fungua, mkwe wangu. Hata kama hamkuoana, mimi bado nakuita mkwe. Fungua, mengine tutayaongea watu wazima.

Asteria: Unajua nimefunga nini?

Mama Bujiku: Nitajulia wapi? Mimi hizo gemu naona watu wanarukaruka kwenye skrini tu.

Asteria: Nikueleze basi. Gemu za siku hizi hununui ukaweka ndani. Unakodi. Kila mwezi kampuni ya huko nje inakata ada kwenye kadi ya benki, na miaka hii miwili wamepandisha ada mara tatu. Ukiacha kulipa, kila ulichokuwa unacheza kinajifunga, hata kama umekicheza miaka mitano. Sasa zile gemu za kwenye ukumbi wa Bujiku zinakodiwa kwa jina langu. Akaunti ni yangu, kadi ya benki ni yangu. Tangu siku anafungua ule ukumbi.

Mama Bujiku: Aliniambia alizinunua.

Asteria: Tulikuwa wachumba. Nilimwingiza kwenye akaunti yangu kama mtu wa familia.

Mama Bujiku: Na uchumba ulipovunjika uliendelea kulipa?

Asteria: Niliendelea.

Mama Bujiku: Kwa nini?

Asteria: Mwanzo kwa mazoea tu. Halafu nikawa nangoja leo.

Mama Bujiku: Asteria, unanitisha.

Asteria: Samahani, mama. Sikupanga wewe usikie. Lakini umenipigia, na nikikuficha utabaki na ya kwake tu. Una dakika ngapi?

Mama Bujiku: Sema. Zikiisha zimeisha.

Asteria: Unaikumbuka kompyuta yangu? Ile kubwa, uliikuta mezani ulipokuja Geita.

Mama Bujiku: Ile yenye taa za bluu ndani. Nilikuuliza kama ni redio.

Asteria: Hiyo. Sikuinunua ikiwa nzima. Nilianza na kasha tupu, likakaa chini ya kitanda miezi minne. Nikanunua ubongo wake. Nikanunua memori, wakati huo bado zilikuwa zinashikika, si sasa zimepanda kama dhahabu. Mshahara wa maabara unaujua, napima mawe ya wachimbaji kutwa, jioni nahesabu kilichobaki. Mwisho nikaagiza kadi ya grafiki—

Mama Bujiku: Kadi kama ya kliniki?

Asteria: Hapana, mama. Ni bodi, ukubwa wa tofali, ina feni zake. Ndiyo inayochora picha unazoziona. Mashine bila hiyo kadi ni kama gari bila injini kubwa, itawaka lakini mlima haipandi. Ilikuja na basi kutoka Dar, nimeiwekea mtu aishike mapajani safari nzima. Ilipofika nikampa baba aibariki.

Mama Bujiku: Mzee Ndaki. Mungu amlaze pema.

Asteria: Baba alikuwa ananicheka. Akasema kitu cha thamani lazima kiwekwe alama kama ng'ombe. Nikachukua rangi ya kucha, nyekundu, tukachora alama ya mifugo yake ubavuni mwa ile kadi. Mistari miwili na nukta. Mkono wake ulikuwa unatetemeka, nukta ikawa kubwa.

Mama Bujiku: Macho yake wakati huo yalikuwa—

Asteria: Yalikuwa yamekwisha. Kwa hiyo alikuwa hachezi, anasikiliza. Kuna gemu ya kuendesha malori. Unajua baba alibeba pamba na lori miaka ishirini na sita. Akija Geita kwa matibabu ya macho, anakaa pembeni yangu, naendesha, yeye anasikia injini tu. Ananiambia, "Shusha gia, mayu. Huo mlima huo, injini inalalamika." Na anakuwa sahihi. Akinogewa anaanza kusimulia: hapa tulilala siku tatu tope limetuganda, hapa utingo wangu aliumwa na nyoka. Mimi nikawa narekodi. Mashine inarekodi gemu na sauti zetu pamoja. Nilikuwa na saa arobaini za sauti ya baba.

Mama Bujiku: Ulikuwa nazo?

Asteria: Baba alipozidiwa nikaenda nyumbani Didia kumuuguza. Miezi mitatu. Funguo za nyumba nilimwachia Bujiku.

Mama Bujiku: Hilo nalijua. Kwenye msiba nilikaa Didia siku nne. Dada zako waliuliza mkwe yuko wapi, mbona haonekani kaburini. Mimi ndiye niliyemtetea. Nikawaambia amebaki kulinda nyumba ya Asteria, Geita kuna wezi. Ndivyo alivyoniambia.

Asteria: Aliniambia hivyohivyo. Nikamshukuru.

Mama Bujiku: Endelea.

Asteria: Nimerudi baada ya arobaini ya msiba. Usiku wa kwanza sikutaka kula, sikutaka mtu. Nilitaka nimsikie baba. Nawasha mashine, imekuwa nyeupe. Kila kitu kimefutwa. Bujiku akasema ilipata virusi, ikabidi apige windo upya, aipakie programu mwanzo. Nikamuuliza, na marekodi? Akasema, "Marekodi gani? Si gemu tu hizo?"

Mama Bujiku: Alijua ni sauti ya baba yako?

Asteria: Alikuwa anakaa nyuma yetu akila karanga, mama. Sauti yake na yeye ilikuwemo.

Mama Bujiku: [mtandao unakwaruza] ...sikia, labda kweli ilikuwa—

Asteria: Na mimi nilisema labda kweli. Nikalia, nikanyamaza. Halafu mashine yenyewe ikawa haiendi. Gemu ya malori ikawa inakatakata, lori linaruka kama chura. Akasema ni vumbi. Akasafisha yeye, kila mara anafungua yeye, ananiambia mimi nisiguse. Akasema ni umeme, nikanunua pawa mpya. Akasema ni joto, nikanunua feni. Mwaka mzima, mama. Akawa anawaambia vijana wake mbele yangu kwamba wanawake mashine hawaziwezi, wanazichosha. Mwisho akasema nimuuzie kama spea. Na mimi nilikuwa naamini ni kosa langu. Niliacha kucheza kabisa. Nikawa mtu wa kwenda kazini na kulala.

Mama Bujiku: Na posa ikafia hapo.

Asteria: Ilifia hapo. Sikuwa na hamu ya kitu. Yeye akasema nimebadilika, akaondoka. Sikumkatalia. Sasa mwezi wa kumi mwaka jana ananipigia, ukumbi hauna mtandao, nimsaidie. Nikaenda, mimi mjinga. Ile mashine yake kubwa ya mlangoni, inayovuta watu kwa ile skrini pana, ilikuwa inapiga kelele ya feni. Nikasema nikaze skrubu. Nikafungua ubavu.

Mama Bujiku: Ukaona nini?

Asteria: Mistari miwili na nukta.

Mama Bujiku: Usiniambie.

Asteria: Nukta kubwa ya mkono wa baba. Nikaweka kidole juu yake. Bujiku alikuwa nje anaongea na simu. Nikafunga ubavu, nikakaza skrubu zote nne, nikamtengenezea na mtandao. Nikamuuliza huyo kijana wake Amosi, hii mashine mliijenga lini? Akanitajia siku. Anaikumbuka kwa sababu walikaa nayo kutwa, bosi alikuja na mashine kwenye boda, wakachomoa kadi wakarudishia kuukuu, wakafuta diski ili waiazime kwa uzinduzi wa ukumbi. Akaitaja ile siku bila kujua anachosema.

Mama Bujiku: Siku gani?

Asteria: Jumanne ile, mama.

Mama Bujiku: Jumanne ile tulimzika mzee.

Asteria: Ndiyo.

Mama Bujiku: [mtandao unakwaruza]

Asteria: Mama? Upo?

Mama Bujiku: Nipo.

Asteria: Kwa hiyo niliendelea kulipa ada. Nikawa mwema kwake. Mimi ndiye niliyempa wazo la mashindano. Nikamwambia tafuta wafadhili, alika viongozi wa mtaa, tangaza na gari la matangazo. Katoro yote imetangaziwa. Mfanyabiashara mmoja wa mawe katoa pikipiki ya zawadi, wachimbaji wameacha maduara yao, mashimo ya dhahabu, wamekuja kuangalia. Nilitaka awe na watu wengi kadiri inavyowezekana. Nilitaka asimame juu kabisa. Halafu nikafungua simu yangu, nikaenda kwenye orodha ya familia, nikamtoa.

Mama Bujiku: Ukajisikiaje?

Asteria: Vizuri.

Mama Bujiku: Sema kweli.

Asteria: Vizuri sana, mama. Sikudanganyi. Niko ng'ambo ya barabara, kwa muuza chipsi, nimeagiza soda. Naona watu wanatoka na kuingia, wanamtafuta. Kiti kimoja kimeshatupwa nje.

Mama Bujiku: Watamuua.

Asteria: Polisi jamii wako mlangoni, nimehakikisha. Hawatamgusa. Nilimwandikia ujumbe mmoja tu: ashike kipaza sauti, awaambie watu alichotoa kwenye mashine yangu, na siku aliyokitoa. Akimaliza kusema, nafungua papo hapo, fainali iendelee. Sitaki hela yake. Amechagua kujifungia stoo na kukupigia wewe.

Mama Bujiku: Nikikuomba kama mama aliyelala kwenye msiba wenu, utafungua?

Asteria: Hapana. Nisamehe. Sitafungua.

Mama Bujiku: Haya. Subiri hapohapo, usikate. Hii nyingine inaita tena... [sauti kwa mbali] Bujiku. Nyamaza kwanza. Nimesema nyamaza. Nakuuliza kitu kimoja, unijibu kama unavyomjibu mama yako. Jumanne ile tunamfukia mzee Ndaki, ulikuwa wapi? ... Nyumba unailinda ukiwa na bisibisi? ... Sikuulizi habari za mtandao. Uliijua sauti ya yule mzee imo humo, hukuijua? ... Bujiku. Uliijua au hukuijua? ... Bujiku?

Asteria: Mama?

Mama Bujiku: Amekata.

Asteria: Amesema nini?

Mama Bujiku: Amesema, "Mama, mzee mwenyewe alishakufa, sauti ya kazi gani." Nilisimama mbele ya dada zako, Asteria. Nikamtaja kwa sifa. Wakaninyamazia kwa heshima, nikadhani nimewajibu.

Asteria: Wewe hukujua.

Mama Bujiku: Hakuna pengine zilipobaki? Kwenye simu, kwenye flashi?

Asteria: Hakuna. Nilisema nitahamisha nikirudi kutoka Didia. Nilimpa fundi wa Mwanza ile diski, akahangaika nayo wiki mbili. Alitoa sekunde tisa. Baba anakohoa, halafu anacheka.

Mama Bujiku: [sauti inakatika] ...tisa?

Asteria: Tisa.

Mama Bujiku: Sikuombi tena, mayu. Nilichopiga kuomba nimekiacha. Huyo akitoka stoo atatoka na uongo mwingine, atawaambia ni mtandao, watu watarudi nyumbani wakimwonea huruma. Mimi namjua, nimemzaa. Atakushinda kwa mdomo hata leo.

Asteria: Nimeliona hilo.

Mama Bujiku: Basi usikae huko ng'ambo na soda. Kipaza sauti kiko wapi?

Asteria: Mezani, pale mbele. Hakuna aliyekishika.

Mama Bujiku: Kishike wewe. Usitukane, usilie. Eleza kama ulivyonieleza mimi. Fungua ile mashine mbele yao, waione alama— [mlio mfupi] hizo dakika zinanililia. Asteria, wakisema unamzulia, wakisema ni wivu wa mwanamke aliyeachwa, waambie mama yake mzazi yuko Mwadui, kamuuliza leo na hakukana. Taja jina langu lote, Paskazia Ngassa. Waambie nimesema mimi, na dada zako wa Didia nitawapigia mwenyewe kesho kuwaom—

Asteria: Mama?

Asteria: Haloo? Mama Bujiku?

Asteria: [pumzi, kelele za watu zinakaribia] Kaka, samahani, naomba nipite. Nipisheni, jamani. Mwenye akaunti ni mimi.