Machozi, Mkurugenzi Aliyedhaniwa Anaigiza

Ndugu, jamaa na marafiki, kwa niaba ya familia nawasomea maisha ya dada yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Machozi, na mimi mdogo wake naomba radhi mapema, kwani yeye ndiye aliyenifundisha kusoma mbele za watu bila papara, na leo sauti inanikimbia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na muuguzi, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya nyumba yetu, na huko ndiko alikogundua kwamba akilia vizuri hachapwi, kipaji kilichotuponza sisi tusiojua kulia. Alimaliza sekondari mwaka 1981, akaingia kwenye filamu mwaka 1984, na watu wakawa wanakwenda kumtazama na leso mbili mbili. Tarehe 10 Juni 1989 alifunga ndoa na mpiga picha wake, shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakajaliwa binti na mtoto wa kiume.

Tarehe 2 Februari 2009 wenye studio aliyoigizia walimkabidhi ukurugenzi, studio ikiwa hoi, na mafundi wakanong'ona kwamba huyu atauigiza ubosi. Kila alipokasirika walitabasamu wakingoja amalize, jambo lililomkosesha raha, kwa maana bosi asiyeaminika akifoka hataaminika hata akisema nyumba inaungua. Mwezi wa tano aliona ufa kwenye chuma kinachobeba taa za ukumbi wa pili, akaamuru kazi isimame, mwongozaji wa filamu akacheka na kusema, "Mama, igizo hilo tumeshaliona," akaagiza kamera ziendelee. Marehemu hakubishana naye, alivuta kiti, akakaa chini ya taa zile, akakunja mikono, chuma kikilia juu ya kichwa chake, mpaka mumewe alipozima kamera na wenzake wakafuata. Chuma kilipoteremshwa kilikatikia mikononi mwa mafundi, na tangu siku ile akifoka, watu walikimbia.

Mwaka 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa moyo, akatuapisha tusiseme, asije akaonewa huruma kazini. Tarehe 9 Oktoba mwaka huu, akimwelekeza mwigizaji chipukizi namna ya kuanguka, alianguka mwenyewe, ukumbi ukalipuka kwa makofi, na makofi yalipoisha hakuinuka. Alifariki hospitalini jioni hiyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliowalaza wageni wetu, na wafanyakazi wa studio, ambao tunajua mnayasikia makofi yale kila mkifumba macho. Shemeji ameniomba niwaambie asiloweza kulitamka mwenyewe, kwamba hata yeye, aliyemtazama kwenye kamera miaka yote hiyo, alipiga makofi, basi asiwepo wa kujilaumu peke yake.

Dada, pumzika kwa amani, safari hii tumekuamini.